Lefebvre: jina la ukoo la wahunzi wa Ufaransa

Lefebvre ni jina la ukoo la Kifaransa, na maana yake ni mhunzi. Hutamkwa takriban "Lefevr": b haisikiki kabisa, na e ya kwanza humezwa nusu. Lefèvre, Lefeuvre, Lefébure na Febvre ni jina hilohilo kwa maandishi tofauti.

Chimbuko lake ni faber, neno la Kilatini la fundi, hasa fundi wa chuma. Katika Kifaransa cha kale neno hilo lilikuwa limeshakuwa fevre, b imegeuka v. Baadaye makarani waliosomea Kilatini waliirudisha b ili asili ionekane, wala hawakuiondoa v iliyokwisha kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana sauti moja imeandikwa mara mbili. Hata hivyo b hiyo ilikuwa na kazi. Katika mwandiko wa enzi zile u na v hazikutofautishwa, na b ilimwashiria msomaji kwamba herufi inayofuata ni v. Waliosoma u bila kujali ndio waliotuletea Lefébure. Leo mhunzi huitwa forgeron, ila neno la zamani limebaki ndani ya orfèvre, yaani sonara.

Majina ya ukoo yalikita mizizi Ufaransa kuanzia karne ya 12 hadi ya 15 hivi. Katika kijiji cha wakulima watupu, kumwita mtu "mkulima" hakukumtofautisha na yeyote. Mhunzi kwa kawaida alikuwa mmoja, na kila nyumba ilimhitaji kwa majembe, bawaba na viatu vya farasi. Basi kila kijiji kikawa na Lefebvre wake, asiye na nasaba yoyote na Lefebvre wa kijiji cha pili. Kushiriki jina hili si ushahidi wa undugu, hata kidogo. Lefebvre na Lefèvre wamejaa kaskazini: Nord, Pas-de-Calais, Picardie, Normandie. Kusini fundi yuleyule aliitwa Fabre au Faure, Savoie akaitwa Favre, na Bretagne, kwa lugha yao, Le Goff.

Anayethibitisha maana hii vizuri kuliko wote ni Jacques Lefèvre d'Étaples, mwanazuoni aliyefariki mwaka 1536. Biblia yake nzima ya Kifaransa ilichapishwa Antwerp mwaka 1530. Alipoandika Kilatini alijiita Jacobus Faber Stapulensis, kwa hiyo anayemtafuta maktabani aangalie L na F pia. Pierre Favre wa Savoie, mmoja wa waanzilishi wa Wajesuiti aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2013, naye hujulikana kama Faber kwa sababu hiyohiyo.

François Joseph Lefebvre, mzaliwa wa Rouffach, Alsace, alifanywa marshali na Napoleon mwaka 1804, akauteka mji wa Danzig mwaka 1807 na kupewa cheo cha duke wa mji huo. Askofu mkuu Marcel Lefebvre, aliyezaliwa Tourcoing mwaka 1905, ana historia ndefu Afrika: alikwenda Gabon kama mmisionari mwaka 1932, kisha akawa askofu mkuu wa Dakar. Baada ya kupinga mageuzi ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1988 aliwaweka wakfu maaskofu wanne bila idhini ya Papa, na Roma ikatangaza kwamba ametengwa na Kanisa.

Wanafunzi huchanganyikiwa zaidi na watatu wa karne ya 20. Georges Lefebvre (1874–1959), wa Lille, ni mwanahistoria wa Mapinduzi ya Ufaransa, na kitabu chake cha mwaka 1932 kinaeleza hofu iliyowakumba wakulima mwaka 1789. Henri Lefebvre (1901–1991) ni mwanafalsafa aliyeleta hoja ya haki ya mji, yaani haki ya wakazi kushiriki kuuunda mji wao, mwaka 1968. Wanaosoma mipango miji hukutana naye. Lucien Febvre (1878–1956), asiye na "Le", aliasisi jarida la historia la Annales pamoja na Marc Bloch mwaka 1929. Ukiandika "Lefebvre" peke yake katika tasnifu ya historia ya Ufaransa, msimamizi wako hawezi kujua unamnukuu nani. Weka jina la kwanza kamili.

Kwa anayetafuta ukoo wenyewe, anzia kwenye cheti cha karibuni kinachotaja wilaya ndogo, yaani commune, na mwaka, kisha rudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Uandikishaji wa kiserikali ulianza mwaka 1792. Kabla ya hapo tegemea daftari za parokia. Sheria ya Agosti 1794 ilimlazimu kila mtu kutumia jina la kwenye cheti chake cha kuzaliwa, lakini makarani waliendelea kuandika walivyosikia, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kuonekana mmoja Lefebvre, mwingine Lefèvre. Tafuta tahajia zote, pia chini ya F, maana "Le Febvre" mara nyingine iliandikwa kwa maneno mawili. Majedwali ya kila miaka kumi, yaani orodha za majina yaliyomo katika vyeti vya muongo mmoja, hurahisisha kazi, na hifadhi nyingi za mikoa zimeyaweka mtandaoni bila malipo. Vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 75.