Picha za kuogofya: maana yake katika taarifa ya habari

"Tahadhari: picha utakazoziona zinaogofya." Mtangazaji akitamka hivyo saa moja jioni, mkahawani Mji wa Kale, Mombasa, hata waliokuwa wakibishana mpira huinua macho. Onyo la kumwambia mtu aangalie kando ndilo linalomwita atazame.

Picha za kuogofya ni zile za maiti, jeraha lililo wazi, damu, au mtu anayekata roho mbele ya kamera. Kanuni za maadili ya wanahabari wa Kenya, zilipowekwa kwenye Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013, zilitaka picha za miili iliyoharibika na matukio ya damu ziepukwe, isipokuwa pale manufaa ya umma yanapodai zionekane. Hapo kwenye manufaa ndipo penye mvutano. Polisi wakishikilia kwamba marehemu alianguka mwenyewe, na picha ina tundu la risasi, kuificha ni kuwabeba polisi. Lakini ajali ya barabarani? Uso wa maiti hauniongezei habari yoyote.

Sisi wa Pwani tuna neno linalofika karibu zaidi na dhana hii ya kutoonyesha: sitara, yaani kumfunika mtu asiaibike. Mtu akigongwa na gari Kibarani, kabla polisi hawajafika utamwona mama akitoa leso yake begani amfunike. Anayeosha maiti naye huosha chini ya kitambaa, na aliloliona halitoki nje. Ule ukungu unaotiwa kwenye picha za runinga ndiyo leso ya mhariri.

Leso hiyo ilikosekana Januari 2019, baada ya shambulio la kigaidi kwenye hoteli ya DusitD2, Nairobi. New York Times walichapisha picha ya waliouawa wakiwa bado mezani mkahawani. Wakenya waliwaka: je, wafu wa kwao Marekani wangewaanika hivyo? Baraza la Vyombo vya Habari likataka picha iondolewe.

Ila damu siyo kipimo pekee. Septemba 29 mwaka huohuo, gari lilitumbukia baharini kutoka feri ya Likoni likiwa na mama na bintiye. Video ya simu ilisambaa, kisha kwa siku 13 kamera zikakaa ufukweni zikisubiri, hadi gari likaopolewa huku nchi ikitazama moja kwa moja. Hakukuwa na tone la damu, na familia ilikuwa palepale. Kanuni zilezile zina jina la jambo hilo pia: kuwaingilia watu katika majonzi yao.

Kuna na suala la saa. Kwa kanuni za utangazaji, kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku huhesabiwa kuwa muda ambao watoto huenda wanatazama. Taarifa ya Kiswahili ni saa moja, ya Kiingereza saa tatu. Zote mbili zinamkuta mtoto mkekani, sahani ya wali mbele yake.