Kwa nini faili lako la CNC limerudishwa

Muhula huu malalamiko yamezidi kwamba karakana inakataa bila sababu mafaili ya wanafunzi ya CNC, yaani mashine ya kukata mbao inayoongozwa na kompyuta. Sababu huandikwa kwenye fomu inayorudi na kazi, ila wengi wakishaona neno "imerudishwa" hawasomi zaidi. Naamini hakuna anayeharibu faili kwa makusudi, kwa hiyo sababu hizo nazieleza hapa.

Tunapokea DXF (aina ya faili la mchoro wa kompyuta) ya vekta, yaani mistari na si picha, ukubwa halisi, kwa milimita. Picha ya JPG haigeuki kuwa mchoro kwa kubadilishiwa herufi tatu za mwisho wa jina lake. Nalisema kwa sababu limejaribiwa, na si mara moja.

DXF mara nyingi hufunguka kama namba tupu. Ukiandika 12 huku umekusudia inchi, programu yetu inaona milimita 12. Kuna mwanafunzi aliyeleta kiti cha namna hiyo. Vipande vyote, migongo na miguu, vikaenea kwenye skrini eneo la kiganja. Tulikuza mara 25.4 na kazi ikaendelea. Mwenzake hakuwa na bahati hiyo: alichora miguu kwa inchi na kikalio kwa milimita, na hapo hakuna namba moja ya kuzidisha itakayomwokoa. Weka pembeni, kwenye leya (tabaka la mchoro) ya maelezo, mraba wa milimita 100 kwa 100. Tukiupima na kukuta 100, tunaamini na vingine.

Mistari iliyolaliana ndiyo inayotuchosha zaidi. Kwenye skrini unaona mstari mmoja, kumbe ni miwili, na mashine itapita mara mbili. Safari ya pili biti, yaani kikatio kinachozunguka, haikati kitu, inasugua tu: kingo zinakuwa nyeusi, moshi unaanza kunuka, na kipande kilichokwisha kuachia kinaweza kurushwa. Futa nakala, kisha unganisha ncha. Pengo la sehemu ya kumi ya milimita hulioni kwa jicho, lakini linatosha programu ishindwe kujua ndani ni wapi na nje ni wapi.

Biti ni ya duara. Nalazimika kuliandika hilo kwa sababu kila wiki naulizwa kwa nini tundu la mraba limetoka na pembe za mviringo. Biti ya milimita 6 huacha kwenye kila pembe ya ndani mviringo wa nusu kipenyo, yaani milimita 3, na ulimi (ncha ya kipande inayochomekwa tunduni) wa pembe kali hautaingia hadi mwisho. Ongeza kijitundu kwenye kila pembe, au uje na patasi na subira.

Halafu plaiwudi. Ile inayoitwa ya milimita 18 mara nyingi haifiki 18. Ipime kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, sehemu tatu nne kabla ya kuchora matundu ya kuungia, vinginevyo rafu itacheza.

Leya zitenganishwe kwa kazi: KATA_NJE, KATA_NDANI, CHIMBA na kina chake, TOBOA. Usisogeze mstari kufidia upana wa biti. Hiyo tunaifanya sisi, na ukiifanya nawe kipande kinatoka na kosa la milimita 3 kila upande. Maandishi yageuzwe kuwa mistari. Kati ya kipande na kipande acha angalau milimita 15, na kwenye ukingo wa ubao 30, kwa ajili ya klempu, vibanio vinavyoushika ubao.

Sasa utaratibu. Faili liwasilishwe siku mbili za kazi kabla ya zamu yako, jina lake likiwa na namba ya usajili, aina ya ubao na unene uliopimwa. Likirudishwa mara ya kwanza, unabaki na zamu yako iwapo utalileta limerekebishwa siku hiyohiyo kabla ya kufunga. Mara ya pili unakwenda mwisho wa foleni. Mara ya tatu hupangiwi zamu hadi ukae na fundi nusu saa mkilipitia pamoja. Hiyo si adhabu, ingawa wengi huichukulia hivyo. Biti ikivunjika kwa sababu ya skrubu uliyoificha njiani mwake, unailipia. Ikivunjika kwa uchakavu, ni juu yetu. Anayeiacha mashine peke yake ikiwa inazunguka anapoteza haki ya kuitumia hadi muhula uishe. Rufaa ipelekwe kwa maandishi kwa msimamizi, si kwa fundi aliyeshika funguo.

Hatuahidi kwamba faili lililokaguliwa halitakuwa na dosari. Ukaguzi wetu unatazama usalama wa mtu na mashine. Kama meza yako itasimama, hilo hatulikagui.

Mafaili ya wiki ijayo yanapokelewa hadi Alhamisi saa kumi jioni. Saa kumi na dakika tano ni ya wiki inayofuata.