Kwa nini mbwa wa mbio humfukuza sungura wa kitambaa bila kushtukia?

Jioni katika uwanja wa Romford, mashariki ya London, mbwa sita aina ya greyhound huingizwa kwenye vizimba vya kuanzia. Wa kwanza kavaa koti jekundu, wa pili buluu, na wa sita ana milia kama punda milia. Kisha unasikia mvumo wa reli: "sungura" anakuja kutoka nyuma yao. Ndani ya vizimba mbwa wanalia na kukwaruza milango kwa kucha. Anapowapita na kuwaacha kidogo, milango inafunguka. Mita 400 huisha kwa takriban sekunde 24, na aliyekuwa bado anakagua mkeka wake wa kubeti hakuona kitu.

Sasa, mbwa ana pua ya kusifika. Mbona hanusi akajua kwamba kile ni kitambaa tu?

Ni kwa sababu greyhound si mbwa wa pua. Yumo katika jamii ya mbwa wanaowinda kwa macho, ambao kwa karne nyingi wamezalishwa ili wakiona kitu kinakimbia, nao wakimbie. Harufu haihitajiki, wala umbo halihitaji kufanana na sungura. Kinachomwamsha ni mwendo. Akishafyatuka huzidi kilomita 60 kwa saa, na katika kila mruko miguu yote minne huachana na ardhi mara mbili.

Kwa hiyo mtu muhimu kuliko wote pale uwanjani, kwa maoni yangu, ni yule aliyekaa juu kibandani akiendesha sungura. Jicho lake liko kwa mbwa anayeongoza. Akimwacha sungura aende mbali mno, mbwa hupoteza shabaha. Akimchelewesha, atakamatwa na mbio zitafutwa.

Ujanja huu haukufaulu mara moja. Mwaka 1876 walijaribu sungura wa bandia huko Hendon, London, lakini njia ilikuwa imenyooka tu: mwenye kasi zaidi alishinda, basi, hapakuwa na kona ya kubadilisha mambo. Mmarekani Owen Patrick Smith ndiye aliyefanikisha sungura wa kuzunguka uwanja, akafungua njia yake Emeryville, California, mwaka 1919. Tarehe 24 Julai 1926 mchezo ukaingia Belle Vue, Manchester, mbele ya watazamaji wapatao 1,700. Mbio za farasi zilikuwa za mchana, mara nyingi mbali na mjini. Hizi zilimsubiri mfanyakazi atoke kiwandani, zikawashiwa taa.

Kuna kisa kinachotuhusu sisi wa huku. Mwaka 1937, mwanamichezo Mwingereza Kenneth Gandar-Dower aliwapeleka duma kutoka Kenya wakashindane palepale Romford. Hesabu ilikuwa rahisi: kama watu wanalipa kumwona mbwa, watamlipia nini mnyama mwenye kasi kuliko wote wa nchi kavu? Kasi duma walikuwa nayo, na mbwa waliachwa. Shida ilikuwa moyo wa kushindana. Duma huvizia, hufyatuka kwa umbali mfupi, na akiona mawindo hayapatikani, huacha kujichosha. Wakiwekwa duma kwa duma, mwenzake akishatangulia, yule wa nyuma haoni sababu ya kuendelea.

Mbwa wakarudishiwa uwanja wao.