Safu ya "Hali" ilikuwa inatudanganya

Ofisi moja hapa Dodoma iliniita kuhakiki vifaa vyake vya TEHAMA. Daftari lao halikuwa baya hata kidogo: kila kompyuta ilikuwa na namba ya kiwandani, stika, chumba na jina la anayeitumia. Tatizo lilikuwa safu ya mwisho, "Hali". Humo niliona "nzima", "ipo", "mbovu kidogo", "kwa fundi", na nyingine zimeandikwa "Mtumba" tu, yaani jina la eneo la Mji wa Serikali hapa Dodoma.

Siwalaumu walioandika. Kwa Kiswahili, ukiulizwa hali ya kitu unajibu kama ni kizima au kibovu. Usimamizi wa usanidi, yaani kazi ya kufuatilia vifaa vya TEHAMA na jinsi vinavyotegemeana, unauliza jambo jingine: kifaa kimefika wapi katika maisha yake? Kimeagizwa, kimepokelewa, kipo stoo, kinatumika, kipo matengenezoni, kimeondolewa kwenye matumizi, au kimeshafutwa kwenye leja? Kompyuta nzima kabisa inaweza kuwa imekaa stoo, na mbovu ikawa bado mezani kwa mtu. Nikabadilisha kichwa cha safu kikawa "Hatua", nikaweka maneno ya kuchagua badala ya kuandika kwa mkono. Hatua ni saba hizo, na ya nane ni "safarini". Hiyo ya nane niliiongeza kwa sababu ya mji wetu. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, maboksi mengi yamesafiri kutoka Dar es Salaam, na baadaye kutoka majengo ya mjini kwenda Mtumba. Kifaa kilicho ndani ya lori hakipo stoo na hakitumiki. Kisipokuwa na hatua yake, kikipotea hakuna atakayejua kilipotelea mkononi mwa nani.

Hatua inayonitia wasiwasi kuliko zote ni "matengenezoni". Huko ndiko vifaa humezwa. Mtumishi anampa fundi kompyuta mpakato, fundi anasubiri kipuri, mtumishi anahamishwa kituo, na mwaka unapita daftari likisema bado inatengenezwa. Kwa hiyo nimeweka masharti ambayo sikubali yalegezwe. Kifaa hakitoki getini bila hati yenye jina la fundi na tarehe ya kurudi. Kikiwa na taarifa za ofisi, diski inabaki. Siku 14 zikipita, kinajitokeza chenyewe kwenye ripoti ya Ijumaa, na aliyekitoa anaulizwa.

Jambo la pili: usifute hatua ya zamani ukaandika mpya juu yake. Kila badiliko liwe mstari wake, wenye tarehe, aliyebadilisha na sababu. Wataalamu wa ITIL, mwongozo wa kusimamia huduma za TEHAMA ulioanzia serikalini Uingereza miaka ya 1980, wanataka kumbukumbu ya sasa na ya nyuma kwa pamoja, na wako sahihi. Historia ndiyo iliyotuonyesha kwamba UPS (vifaa vya kuhifadhi umeme wa akiba) za chumba kimoja zilikwenda kwa fundi mara tatu. UPS hazikuwa na kosa. Umeme wa chumba kile ndio uliokuwa mbovu.

Hatua ya kifaa kimoja pia hugusa vingine. Swichi ya mtandao, kifaa kinachounganisha kompyuta, ikiandikwa "imeondolewa", daftari lazima lioneshe ni kompyuta na printa zipi zilizounganishwa nayo, anwani zake za mtandao zirudishwe, na leseni iliyolipiwa ikomeshwe. La sivyo mnaendelea kulipia kitu kilichoko kwenye rundo la vyuma.

Microsoft iliposimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, swali la mkubwa wa ofisi lilikuwa moja: tuna kompyuta ngapi zenye mfumo huo? Jibu la daftari zima lisingemsaidia, kwa kuwa lilihesabu hata zilizokuwa zinasubiri kufutwa. Tulichuja zilizo "inatumika", tukalinganisha na programu inayokagua mtandao kuona zipi ziliwaka ndani ya siku 30. Zisizowaka tulizifuata chumba kwa chumba, stika mkononi. Baadhi tulizikuta kabatini, zimefunikwa vumbi, na kila moja ilibadilishwa hatua pale pale kabla hatujafunga mlango.