Dera halijarefuka mama, ni wewe umefupika

Msimu wa korosho ukifika Mtwara wamama wanaanza kumiminika kliniki, huyu mgongo, yule kateleza kwenye mabibo kajishikiza na kiganja tu, kifundo kimevunjika. Mfupa mzima hauvunjiki kirahisi hivyo, ndo maana tunauliza hedhi ilikata lini, sio umbea, tunatafuta osteoporosis, yaani ugonjwa wa mifupa kudhoofika.

Hedhi ikikata estrojeni, homoni ya kike, inashuka, na ikishuka mfupa unaliwa haraka kuliko unavyojengwa, miaka 5 hadi 7 ya mwanzo mwanamke anaweza kupoteza hata asilimia 20 ya ujazo wa mifupa yake na asisikie kitu. Na jamani hii sio kusagika, kusagika ni kwenye viungo, nishachoka kulirudia.

Mama mmoja alikuja analalamika madera yake yote siku hizi yanaburuza. Piga picha, pingili mbili za mgongo zimebonyea. Maumivu anasema kashayazoea, kinachomkera ni kuswali kwenye kiti, kubebewa ndoo na mkwe wake, na misibani haendi tena maana akiiona bodaboda anaogopa.

Sasa utaratibu. Unaanzia zahanati au kituo cha afya, unapewa barua ya rufaa, ndo unakuja hospitali ya mkoa na kadi ya bima, ukiruka ngazi bima inaweza kugoma kulipa, usigombane na dada wa mapokezi. Kipimo cha DEXA, kile cha kupima uimara wa mifupa, alama ikisoma -2.5 kushuka chini huo ni ugonjwa, ila ambaye pingili zishabonyea zenyewe daktari anaweza kumuanzishia dawa bila kukisubiri. Alendroneti, dawa ya mifupa ya mara moja kwa wiki, unameza asubuhi tumbo tupu, glasi nzima ya maji, sio chai sio maziwa, halafu nusu saa usilale wala usile. Mnameza mnarudi kitandani, kiungulia kikiwashika mnasema dawa mbaya!

Predinisoloni, zile dawa za steroidi, za kununua dukani kila mgongo ukiuma muache, zinakula mfupa, na duka linalouza bila cheti cha daktari Baraza la Famasi linaweza kulifungia.

Supu ya kongoro ni tamu, sibishi, ila kalsiamu yake ndogo. Umri huo unahitaji kama miligramu 1200 kwa siku, kula dagaa na miba yake, maziwa, ufuta, huo wa Lindi tunaouza mwingi nje.

Yule mama anaendelea na dawa na mazoezi, ndoo bado anabebewa, msibani kaanza kwenda kwa miguu. Madera kayapeleka kwa fundi yakakatwe.