Kukesha kiroho ni nini?

Ukimuuliza Mkristo wa kwetu kukesha ni nini, wengi watakutajia mkesha: usiku mzima wa nyimbo na maombi, hasa ule wa Desemba 31 wa kuvuka mwaka. Hiyo ni maana moja, tena nzuri. Lakini Yesu aliposema "Kesheni basi" katika Mathayo 24:42, hakuwa anapanga ibada ya usiku mmoja. Alikuwa anaeleza jinsi ya kuishi siku za kawaida, mtu akijua Bwana atakuja ila hajui lini. Kukesha kiroho ni kuishi kiasi kwamba ukiitwa leo saa nane mchana, uko dukani au shambani, huhitaji kuomba muda ukajiweke sawa kwanza.

Mfano unaolifafanua jambo hili vizuri zaidi ni wa wanawali kumi, mwanzoni mwa Mathayo 25: wasichana waliotoka na taa kumlaki bwana arusi, watano wakabeba mafuta ya akiba, watano hawakubeba, na taa zilipofifia wenye akiba wakakataa kuwagawia. Wahubiri wengi huruka kipande kimoja. Bwana arusi alipokawia, "wote wakasinzia wakalala usingizi." Wote kumi, hata wale watano wenye busara. Hakuna aliyekemewa kwa kulala. Kilichowatenganisha ni mafuta, na mafuta yale wenye busara walikuwa nayo kabla kelele za usiku wa manane hazijapigwa.

Sasa mafuta hayo ni nini? Wengine husema ni Roho Mtakatifu, wengine imani, wengine maombi. Yohane Krisostomo, aliyehubiri Injili hii huko Antiokia mwishoni mwa karne ya 4, kabla hajawa askofu wa Konstantinopoli mwaka 398, alitoa jibu ambalo mimi sijaona linaloshinda: mafuta ni sadaka, yaani huruma na msaada kwa wahitaji. Na wauza mafuta ni akina nani? Ni maskini wenyewe, alisema, wale wanaokaa mlangoni pa kanisa wakiomba. Ukiusoma mfano kwa jicho hilo, mambo yanageuka. Duka la mafuta liko mlangoni, na liko wazi kila siku. Wateja ndio wanaolipita kwa haraka, wakiwahi viti vya mbele.

Hapo pia linajibiwa swali linalowasumbua wasomaji wengi: mbona wale watano wenye busara walikuwa wachoyo, wasigawe hata tone? Unga uliompelekea mjane mwaka jana huwezi kuuhamishia jina la jirani yako usiku wa leo. Yeye alikuwa na mwaka uleule, na mjane alikuwa palepale.

Hatulazimiki kufungwa na tafsiri ya mzee huyu, lakini maandiko yanamuunga mkono. Sura hiyohiyo ya 25 inamalizika na wenye njaa, wenye kiu, wageni, walio uchi, wagonjwa na wafungwa. Luka naye, katika sura ya 12, anaweka maneno "mtoe sadaka" kwenye mstari wa 33, na mstari wa 35 ndio wa viuno vilivyofungwa na taa zinazowaka. Kutoa na kuwa tayari vimekaa pamoja, bega kwa bega.

Je, basi mtu ananunua wokovu? Hapana. Waefeso 2:8 inasema tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, na mstari wa 10 unaongeza kwamba tuliumbwa tutende matendo mema. Imani ndiyo inayouwasha utambi. Inalishwa na mambo madogo ya kila siku: Neno kidogo asubuhi, sala kabla ya kulala, kumaliza ugomvi kabla jua halijachwa.

Kuna kukesha kwa bandia pia, na eneo letu linajua gharama yake. Marekani, wafuasi wa mhubiri William Miller walimngoja Bwana tarehe 22 Oktoba 1844, kukapambazuka wakiwa palepale; hao angalau walirudi nyumbani na huzuni yao. Kanungu, Uganda, mamia ya waumini walioambiwa mwisho umefika waliangamia, wengi wao kwa moto uliowaka kanisani Machi 17, 2000. Mwaka 2023 msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ulifukuliwa na kutolewa miili zaidi ya 400, ya watu waliofundishwa kufunga hadi kufa, watoto wakiwemo. Anayetaja tarehe, anayekutenga na ndugu zako, anayekukataza hospitali na kuwatoa watoto shule, huyo hakuandai kwa lolote. Wathesalonike nao walitikiswa na habari kwamba siku ya Bwana imekwisha kufika, na katika barua yake ya pili kwao Paulo anawaagiza wafanye kazi kwa utulivu na kula chakula chao wenyewe.

Vivyo hivyo kwa sadaka inayokamuliwa kwa vitisho. Katika Marko 7 Yesu anawakemea watu waliowanyima wazazi wao msaada kwa kisingizio kwamba mali ile ni korbani, wakfu kwa Mungu. Anayeacha mama yake bila dawa ili atimize ahadi ya madhabahuni, sura hiyo inamhusu.

Kutoa kunakomweka mtu tayari huwa ni kwa kawaida sana. Kaa baada ya baraka kwenye usharika wa Kilutheri kule Moshi au Bukoba, uone mnada. Mkungu wa ndizi uko chini, kuku kafungwa miguu, mayai yako kwenye bakuli. Aliyeleta mayai hana fedha mkononi wiki hii, ila hakuja mikono mitupu. Mzee wa kanisa anapandisha bei, mtu ananunua, kisha anasema yarudishwe yanadiwe tena, au apewe bibi fulani wa mtaa wa jirani. Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele miaka ya 1970: majirani wanasoma Injili nyumbani kwa mmoja wao, halafu linaulizwa swali la nani anaumwa, na nani ataenda kumwona.

Paulo aliwapa Wakorintho utaratibu uleule: kila siku ya kwanza ya juma, kila mtu aweke akiba kwake kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu. Hakutaka michango ianze kuhangaikiwa siku akifika. Mwenye akiba ya namna hiyo, hata ikiwa elfu mbili kwenye kikopo, hodi ya mwenye shida haimshtui.

Ukizoea hivyo, hesabu inakutoka kichwani. Wenye haki wa Mathayo 25:37 wanashangaa kabisa: "Bwana, ni lini tulipokuona una njaa, tukakulisha?" Hawakumbuki. Kwa hiyo ile desturi ya kusoma madhabahuni majina ya waliotoa, kila mmoja na kiasi chake, naiona inafaa zaidi ofisini kwa mhasibu.