Aliyechanjwa dhidi ya HPV bado anahitaji kupimwa

Wengi huamini kuwa mwanamke akishachanjwa dhidi ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, habari ya kupimwa saratani hiyo imekwisha. Imani hiyo inaeleweka, maana chanjo hii kweli ina nguvu. Lakini haizuii aina zote za virusi. Aina ya 16 na 18, zinazolengwa na kila chanjo ya HPV, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo. Tena chanjo haiondoi maambukizi yaliyokwisha kuingia. Ndiyo sababu hutolewa mapema, miaka 9 hadi 14.

Kupima kwa siki, njia mojawapo ya upimaji huo, huchukua dakika chache: mhudumu hupaka asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5 kwenye mlango wa kizazi, husubiri dakika moja, kisha hutazama kama pametokea weupe mzito wenye kingo dhahiri. Kwa aliyekoma hedhi, eneo linalotazamwa mara nyingi hujificha ndani, hivyo kipimo cha virusi vyenyewe humfaa zaidi.

Soma jina la chanjo kwenye kadi yako, umuulize mhudumu inakinga aina zipi. Kwa kawaida upimaji huanza miaka 30, au 25 kwa anayeishi na VVU.